Nyuzi za Kuhe: Kutoka Uvira hadi Fizi na Kurudi

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye kwenye foleni ya maji ananiuliza: ni kweli, Feza, ulikwenda Fizi, vita vikiwa hivi, kutafuta samaki? Nikianza kujibu ndoo yake inajaa, naye anaondoka na nusu ya habari. Nusu hizo zimeanza kutembea zenyewe mjini. Nimesikia kwamba nilitilia watu sumu kule mjini Baraka. Nimesikia pia kwamba niliolewa huko. Basi nawaandikia yote, rafiki zangu, ili anayetaka kunicheka anicheke kwa habari kamili.

Mnajua kwamba kabla ya vita nilikaa miezi kadhaa ng'ambo, katika maabara ya mwalimu anayechunguza samaki wa bahari ya barafu, kule kusini kabisa mwa dunia. Maji yao ni baridi kiasi kwamba damu ya samaki wetu ingeganda. Wao wana kitu ndani ya damu kinachozuia chembe za barafu zisikue. Wako hata wenye damu isiyo na wekundu, nyeupe kama maji ya mchele. Lakini mimi nilivutwa na kromosomu zao, zile nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba urithi wa kiumbe. Katika aina nyingi za samaki hao, nyuzi ndogo zimeungana mbili mbili, zikawa chache na kubwa. Kitabu kimoja kilisema baridi ndiyo iliyoziunganisha. Nikauliza: mmejuaje? Mwalimu akacheka, akaniambia, "Nitafutie jamaa yao wa maji ya joto, uniletee, tutazame pamoja." Akaniahidi kwamba nikileta vioo vizuri vya darubini vyenye nyuzi za samaki huyo, nitapata kiti katika maabara yake. Vita vikaja, ahadi ikabaki.

Jamaa nilimjua tangu utoto: kuhe wa ziwa letu. Ni jamaa wa mbali sana, kama vile sisi sote tulivyo jamaa harusini, lakini ukoo mkubwa wa samaki wenye miiba mgongoni ni mmoja. Tatizo ni kwamba nyuzi hizo huwezi kuziona kwa samaki aliyekufa. Unamdunga akiwa hai dawa inayosimamisha seli katikati ya kugawanyika, unasubiri saa kadhaa akiogelea, ndipo unachukua kipande cha figo. Hapa Uvira askari walikuwa wamewafungia wavuvi ziwa, na samaki tuliokula walifika wamekauka kwa chumvi. Kuhe hai walikuwa Baraka, katika ghuba iliyokingwa na rasi ya Ubwari. Nilichokitaka, basi, ni kichupa kimoja cha seli za kuhe aliyekuwa hai, kifike kwenye darubini ya kituo chetu cha kuchunguza ziwa, hapa Uvira. Hicho tu.

Uvira hadi Makobola

Sikwenda peke yangu. Nilikwenda na Mama Wabiwa, mnayemfahamu, muuza sabuni na chumvi. Katika vita hivi mwanamke mwenye kapu hupita mahali ambapo mwanaume mwenye shahada angewekwa chini ya ulinzi. Kuhusu mwanamke mwenye kapu na shahada, hakuna aliyekuwa na uzoefu. Mama Wabiwa alikata shauri mapema.

"Kwa bariyeri weye uko mutoto ya dada yangu," aliniambia. "Kromo-nini yako, uiache kwa kinywa. Unasikia?"

"Na wakiuliza sindano?"

"Miye njo nitajibu. Weye utatazama chini kama muntu ya heshima."

Bariyeri ya kwanza, kizuizi cha askari njiani, tuliifikia kabla jua halijawa kali. Askari alitia mkono ndani ya kapu langu, akatoa bomba la sindano, akalinyanyua juu kama aliyeshika samaki mwenyewe.

"Hii iko ya nini?"

"Ya kuchanja kuku," alisema Mama Wabiwa bila kupepesa.

Nikaumia rohoni. Mimi hubishana hata na kalenda, na hapo nilitakiwa kunyamaza mbele ya uongo wa wazi. Askari akafikiri. "Kuku yangu iko nakohoa," akasema.

"Inakohoa kavu ao na makamasi?"

"Kavu."

"Osha banda yake na hii." Mama Wabiwa akampa kipande cha sabuni. "Kama haiponi, kula yeye mbele ya kufa."

Tukapita. Nilimwuliza baadaye kama kweli anajua tiba ya kuku. Akasema anajua tiba ya askari.

Tuliingia katika boti ya mbao yenye mota, tukafuata ufuko kuelekea kusini. Ndani ya boti watu walipiga kelele, walibadilishana ndizi, walimcheka kijana aliyeogopa maji. Tulipofika mbele ya Makobola, mahali ambapo watu wengi waliuawa mwanzoni mwa vita hivi, kelele ilikatika bila mtu kutoa amri. Mama mmoja alivua kitambaa kichwani, akakishika mapajani hadi vijiji vikabaki nyuma.  

Swima, mota ilipokufa

Mota ilikufa karibu na Swima. Mwenye boti aliifungua, akaipulizia, akaitukana, kisha akatangaza kwamba imechoka na tuiachie ipumzike, kana kwamba ni ng'ombe. Tulisukumwa hadi ufukweni kwa makasia, na hapo tukakaa mpaka kikapatikana kifaa kutoka kijiji kingine. Ilichukua muda wa kutosha watu kuniona nikipanga vitu vyangu upya: mabomba ya sindano, vichupa, spiriti, siki kali.

Asubuhi nilipoamka kwenye mkeka wa wenyeji wetu, kulikuwa na mstari wa watu mlangoni. Bamama wenye watoto, mzee mwenye kidonda, msichana aliyeshika shavu.

"Munganga," alisema mama wa kwanza, "huyu mutoto iko na homa siku mingi."

"Mama, mimi si munganga wa watu. Mimi ni wa samaki."

Akanitazama, akaangalia ziwa, akanirudia. "Samaki inaumwaka?"

Mstari mzima ukacheka, nami nikacheka, lakini haukuvunjika. Walidhani nimeficha dawa kwa ajili ya matajiri wa Baraka. Mzee mwenye kidonda alisema kwa sauti ya kutosha, "Hii vita imeleta banganga ba samaki, na bantu banakufa." Hakunikosea. Mle ndani ya kapu nilikuwa na maji ya dawa ya kusafishia vioo, na vidonge vichache vya homa nilivyobeba kwa ajili yangu. Nikaosha kidonda, nikampa yule mama vidonge, nikaeleza tena na tena kwamba sindano zangu zingewadhuru. Niliposema hivyo walirudi nyuma hatua moja. Ningejua kusikia, ningesikia jambo katika hatua ile.

Hata hivyo, mama wa mtoto alirudi mchana na bugali wa muhogo na ndakala, dagaa wa ziwa letu, waliokaangwa kwa mawese, chakula ambacho nyumbani kwake kilihitajika kuliko kwangu. Akakaa pembeni kuhakikisha nimemaliza. Homa ya mtoto ilikuwa imeshuka kidogo. Nilimwambia huenda ingeshuka yenyewe. Akajibu, "Kula, dada. Maneno utasema nyuma."

Kupanda Fizi

Baraka tuliifikia ghuba ikiwa imetulia, mitumbwi imevutwa mchangani, nyumba nyingi hazina mabati. Mama Wabiwa alinikabidhi kwa rafiki yake Mama Anjelani, mke wa Papa Alimasi, mkubwa wa wavuvi wa upande ule, naye akaniahidi kuhe hai. Lakini kabla ya samaki nilihitaji mashine ndogo ya kuzungusha vichupa ili seli zishuke chini. Kituoni kwetu ilikuwa imeibwa. Nilikuwa nimesikia kwamba muuguzi wa Fizi anayo moja ya kuzungushwa kwa mkono. Kwa hiyo tulipumzika, kisha tukapanda.

Njia ya Fizi inaacha joto la ziwa taratibu. Tulivuka mto Mutambala maji yakitufika magotini, tukapita mashamba ya mihogo ambayo wenyewe walikuwa wakiyalima huku wakisikiliza, kichwa upande mmoja, tayari kukimbia. Vijana wenye bunduki na majani kichwani walitusimamisha mara kadhaa. Walikataa kupokea kitu mkononi mwetu, kwa sababu dawa yao ya vita iliwakataza kuguswa na mwanamke. Mama Wabiwa aliwawekea chumvi juu ya jiwe, akarudi nyuma, nao wakaja kuichukua. Kila mtu alibaki na mwiko wake na chumvi yake.

Anfirmie Lubunga, yule muuguzi, tulimkuta akichemsha sindano kwenye sufuria ya jikoni. Zahanati yake ilikuwa imeporwa mpaka vitasa vya milango. Nilipotaja mashine aliingia nyumbani kwake, akatoka na debe la unga wa muhogo. Akachimbua unga kwa mkono, akatoa ile mashine ikiwa imezungushiwa nguo ya mtoto.

"Ilikuwa mule wakati bote banapora," alisema. "Balikula juu yake, hawakufika chini."

"Na utanipa mimi, usiyenijua?"

"Nitakupa. Lakini niambie kwanza hii samaki ya barafu."

Nikamweleza nyuzi, kuungana kwake, na damu nyeupe. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama anayepima mapigo ya moyo.

"Samaki bila damu nyekundu," akasema. "Na anaishi?"

"Maji ya baridi hubeba hewa nyingi. Inamtosha."

"Na nyuzi zinaungana juu ya baridi?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema. Mimi sijaamini."

Akacheka. "Banatupiga risasi huku, weye unagombana na kitabu." Kisha akanitilia mashine kwenye kapu, akaifunika vizuri kwa ile nguo ya mtoto. "Muirudishe, tafadhali. Ya pili haipo mpaka Bukavu."

Hakuandika jina langu wala hakutaka rehani. Nimefikiri sana juu ya jambo hilo. Sina maelezo yake, na safari hii sitafuti.

Chungu cha Mama Anjelani

Tuliporudi Baraka, Papa Alimasi alinitegea kuhe kama alivyoahidi. Walikuwa samaki wawili, vijana lakini wakubwa, wenye rangi ya dhahabu na mabaka meusi ubavuni, na aliwaleta hai ndani ya mtumbwi uliojazwa maji nusu. Mmoja alikufa mapema. Wa pili alikuwa mkali, alirusha maji hadi machoni mwangu. Nikamdunga dawa, nikamweka ndani ya beseni kubwa kivulini, nyuma ya nyumba. Nilimwambia Papa Alimasi kwamba samaki huyu ni wangu, nitamfanyia kazi jua likianza kushuka. Naye alijibu sawa, akaenda kutengeneza nyavu. Nikateremka ziwani na Mama Wabiwa kuchota maji safi ya kazi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo habari za mjini zilipopindia.

Mama Anjelani alitoka shambani, akakuta beseni. Ndani yake samaki wa mgeni, anapumua kwa shida, amelala ubavu. Katika nyumba ile, na katika nyumba zote nilizoziona ufukweni, mgeni hakabidhiwi samaki anayetapatapa ajisafishie mwenyewe. Ni kumwambia kwamba nyumba haina mwanamke. Isitoshe, aliona huruma. Akampiga kichwani mara moja kama inavyotakiwa, akampasua, akamtia chunguni na mawese na nyanya, na kwa kuwa samaki alikuwa mkubwa, akaita watoto wake na wa jirani. Hakuna aliyekuwa amekula tangu jana yake.

Nilirudi nikasikia harufu kabla sijaona beseni tupu. Harufu nzuri sana. Nilikimbia. Watoto walikuwa wamekaa duara, mikono imenawishwa, bugali umekwisha kukatwa. Mama Anjelani alikuwa ameshika mwiko, amedondoshea mchuzi kiganjani, anaulamba kuonja chumvi.

Dawa ile haifi kwa moto. Kwa mtu mzima ni hatari, kwa mtoto ni zaidi. Sikuwa na muda wa maneno. Nilikipiga chungu kwa mguu, kikapinduka, mchuzi ukaingia mchangani mbele ya watoto wenye njaa.

 Halafu mtoto mdogo kuliko wote akaanza kulia, si kwa hofu, kwa chakula.

"Ju ya nini?" aliuliza Mama Anjelani. Hakupiga kelele. "Mutoto yangu, ju ya nini umefanya hivi?"

"Samaki ana sumu, mama. Nilimtia mimi."

Hiyo ndiyo sentensi iliyosafiri hadi Uvira bila mimi.

Watu walijaa uani kabla sijamaliza kueleza. Mnajua wavuvi wanavyowachukia wanaotia utupa majini; mtu mmoja akisaga majani yale, ghuba nzima inaelea tumbo juu. Na katika vita, kila upande ulikuwa ukinong'ona kwamba upande mwingine utatia sumu ziwani. Sasa alikuwepo mwanamke kutoka Uvira, eneo la askari, mwenye sindano na vichupa. Papa Alimasi alifika mbio, mikono bado ina uzi wa nyavu. Akamtazama mkewe, kisha chungu, kisha mimi.

"Amekula?"

"Ameonja," nilisema. "Tone kiganjani. Nadhani halitamfanya kitu."

"Unazani?"

Katika maisha yangu ya masomo nimejivunia neno hilo. Nadhani: neno la mtu mwaminifu asiyedai anachokijua nusu. Pale uani lilikuwa neno baya kuliko yote.

"Akipona, utaenda," alisema Papa Alimasi. "Akikufa, hautaenda."

Kijana mmoja alisema kwa nini tungoje, apewe mabaki ayale yeye. Mama Wabiwa akamgeukia. "Weye kula kwanza hiyo ulimi yako, iko mingi!" Watu wachache walicheka, na kicheko hicho, nadhani tena, kilininunulia muda.

Nilisaga makaa ya jikoni yakawa unga laini, nikayakoroga kwa maji, nikampa Mama Anjelani anywe ili yabebe chochote kilichobaki tumboni. Akanywa, midomo ikawa myeusi, akajitazama kwenye kipande cha kioo na kusema, "Sasa niko muzuri kupita bibi harusi." Mumewe hakucheka. Nilikaa naye kwenye mkeka mchana wote ule, nikimshika mkono kupima mapigo ya moyo, watu wakiwa wamesimama kutuzunguka. Niliyazika mabaki na mchuzi mwenyewe, shimo refu, mbwa wasifukue. Kichupa changu sikukifikiria. Nawaambia bila kujipamba: kiti kile cha ng'ambo kilikuwa kimetoka kichwani kabisa. Nilimfikiria mwanamke huyu aliyemhurumia samaki.

"Nimekimbia vita mara mingi," aliniambia, macho ameyaelekeza juu. "Nilizala kwa pori. Risasi haikuniua. Sindano yako ya samaki njo itaniua?"

"Hapana, mama."

"Unazani ao unajua?"

Nikafikiri. "Najua."

Sikuwa nikijua. Nilisema kwa sababu aliuliza kama mgonjwa, hakuuliza kama mtihani.

Kesho yake aliamka kabla yetu, akafagia uwanja kwa fujo ili watu wote wasikie ufagio.

Mbele ya watu wote

Nilianza kufunga kapu. Papa Alimasi akaja, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Unaenda na nini?" akauliza.

"Na kapu langu, papa. Nisamehe."

Kabla hajajibu, sauti ya mkewe ikatoka jikoni. "Ataenda mikono mitupu, nyuma ya kumwanga chungu yangu? Apana! Apike kwanza. Mwenye kumwanga, anapika."

Hivyo ndivyo nilivyopika. Mama Wabiwa alitoa chumvi, jirani wakaleta sombe, majani ya muhogo, mimi nikatwanga kwa nguvu zangu zote, huku Mama Anjelani amekaa kwenye kigoda akitoa maoni. Mawese yalizidi. Bugali ulikuwa na mabonge. Watoto waliokosa samaki walikula wakanitazama kwa huruma, na mmoja akamwuliza mama yake kama huko Uvira watu wote wanapika hivi. Papa Alimasi alikula mpaka mwisho, akanawa, akasema mbele ya watu wote:

"Vile umepika, tumeona mikono yako. Sasa tuone na ile kazi. Hapa mbele. Hatutaki kintu ya nyuma ya nyumba tena."

Nikamwambia dawa imebaki kidogo, ya samaki mmoja tu, na nikikosea basi. Akajibu kwamba wavuvi hukosea kila siku na ziwa bado lipo.

Wakaleta kuhe mwingine. Beseni likawekwa ufukweni, katikati ya watu. Nilimdunga wakiwa wananitazama, na mwanaume mzima akawekwa kumlinda samaki kwa fimbo, asiguswe na mtu, mtoto wala kuku. Saa zile za kungoja nilizitumia kujibu maswali. Niliwaambia juu ya bahari ya barafu, na nyuzi zilizoungana.

"Labda ni sawa na bantu," alisema mvuvi mmoja. "Kwa baridi bantu banakumbatiana."

Walicheka sana, wakaanza kutajana nani hukumbatiwa na nani msimu wa mvua. Nilitaka kuwaeleza kwamba mfano si ushahidi, kwamba samaki wengine wa barafu nyuzi zao hazijaungana ingawa baridi ni ileile. Nikaeleza, hata hivyo. Yule mvuvi akasikiliza, akasema, "Basi hata huko wako wasiopendana," na mjadala ukafungwa kwa kura ya wote.

Jua liliposhuka kidogo nikafanya kazi. Kipande cha figo katika maji yenye chumvi hafifu ili seli zivimbe. Kisha mashine ya Lubunga. Papa Alimasi mwenyewe akaizungusha, taratibu, kama anayevuta kamba ya nyavu. Chini ya kichupa kikabaki kitone cha weupe. Nikaongeza spiriti na siki kali. Nikapitisha kichupa watu wakione. Kila mmoja alikishika kwa vidole viwili, akampa mwenzake.

"Hii kidogo?" aliuliza Mama Anjelani.

"Hiki kidogo, mama."

"Na chungu nzima ukamwanga." Akanirudishia, akanifungia vidole juu yake.

Kuhe tulimzika kama wa kwanza. Mashine ilirudi Fizi kesho yake na watu waliokuwa wakipanda, imefungwa katika nguo ile ile ya mtoto, juu yake furushi la samaki wakavu kutoka kwa Papa Alimasi kwenda kwa anfirmie. Baadaye nilipata habari kwamba vyote vilifika.

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa fupi kwa sababu mota haikufa, au kwa sababu nilihesabu mawimbi tu. Nilibeba kichupa kifuani, kimefungwa ndani ya kitenge. Kwenye bariyeri ya mwisho askari mwingine alinusa ile spiriti, akafikiri ni pombe, akafungua chupa kubwa ya akiba yenye spiriti na siki. Siki ikampanda puani mpaka machozi yakatoka.

"Nini hii?"

"Dawa ya kuku," nilisema mimi mwenyewe, na Mama Wabiwa akanitazama kwa fahari kama mtoto wa dada yake aliyefaulu.

Akamwaga chupa nzima barabarani. Kichupa cha kifuani hakukijua.

Kituoni nilidondosha tone la kwanza juu ya kioo, nikalikausha, nikatia rangi, nikainama kwenye darubini. Hakuna kitu. Kioo cha pili, seli zilikuwa zimepasuka ovyo. Nilisogeza vioo siku nzima, shingo ikakakamaa. Nikabakiwa na vioo viwili vya mwisho. Katika kimoja, pembeni kabisa, nikaipata seli iliyofunguka vizuri, na nyuzi zake zimelala mbalimbali, ndogo ndogo, nyingi, hakuna uliomshika mwenzake.  Samaki mmoja hathibitishi chochote kuhusu baridi, na nitaandika hivyo kwa mwalimu. Lakini zilikuwa zinaonekana.

Hapakuwa na mtu wa kumwambia ila Papa Sadoki, mlinzi wetu, mtu wa upande wa Fizi ambaye tangu vita vianze hajapata neno lolote kutoka kwao. Nikamwita. Akaegemeza fimbo ukutani, akafunga jicho moja, akatazama.

"Iko kama majani ya chai," alisema. "Ya nani?"

"Ya kuhe wa Baraka. Papa Alimasi alimvua kwenye ghuba."

Akatazama tena, muda mrefu zaidi, mikono yake imeshika kingo za meza.

"Na huyo Alimasi, ulimwacha muzima?"

"Muzima. Na mke wake, na watoto. Niliwapikia."

Papa Sadoki hakuinua kichwa kutoka kwenye darubini.

"Kaa chini, mutoto yangu," alisema. "Unihesabie moja moja. Bantu, si nyuzi."